Feringi ya pikipiki imeungua kwa ekzosi: irudishe hivi

Anayeleta feringi iliyoungua, yaani makava ya plastiki ya ubavuni mwa pikipiki, kwa kawaida huuliza bei ya rangi. Mimi namuuliza kwanza: plastiki hii imekaa jirani na bomba hili tangu kiwandani bila kudhurika, leo imeyeyukaje? Bila jibu la hapo, unapaka rangi kitu kitakachoungua tena mwezi ujao.

Mpangilio huu ndio niliofuata juzi na kijana anayesambaza vifurushi Dar. Alikuwa ametoa ekzosi ya asili akafunga ya mlio mkubwa, na kava la kulia likajikunja kwa chini, likatoboka tundu la ukubwa wa kizibo cha soda.

Hatua ya 1: Tafuta kilicholeta moto

Fanya hili injini ikiwa baridi. Pitisha vidole viwili kati ya bomba na kava. Visipopita, nafasi ni ndogo mno. Angalia raba inayoshikilia ekzosi, maana ikichoka bomba hulala upande. Hesabu na skrubu za feringi. Pikipiki nyingi za hapa mjini zina skrubu moja au mbili zilizopotea, kava limefungwa kwa kamba, na ukikimbia linapepea mpaka linagusa bomba. Ekzosi isiyo ya pikipiki hiyo nayo huwa na kona tofauti na ya asili, hata kama muuzaji ameapa kwamba inaingia.

Kisha kagua gasketi, ile pete ya kuziba pale bomba linapoungana na injini. Ikivuja, moshi wa moto hupuliza moja kwa moja kwenye plastiki. Utaona masizi meusi kwenye maungio. Kama huoni, paka maji ya sabuni pale, washa injini ukiwa nje kwenye hewa, na utazame mapovu kabla bomba halijapata moto. Gasketi iliyokwisha kubanwa haifai kurudishwa. Weka mpya, kaza nati kwa zamu, kidogo huku kidogo kule.

Hatua ya 2: Fungua kava, lioshe

Maji na sabuni. Petroli hapana, thina hapana, zinadhoofisha plastiki. Anika mpaka likauke kabisa.

Hatua ya 3: Ijue plastiki yako

Geuza kava utazame mgongoni, mara nyingi pameandikwa aina ya plastiki, ABS au PP. Pakiwa pamefutika, kata kipande kidogo sehemu isiyoonekana, ukitumbukize kwenye maji. PP huelea, ABS huzama. Au dondoshea asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha. ABS itanata kidoleni, PP haitajali.

Usiruke hatua hii, kwa sababu dawa ya moja haifanyi kazi kwa nyingine.

Hatua ya 4: Kurudisha umbo

Hapa ndipo saa zinapoishia, na ndipo makava mengi yanapofia.

Tumia blowa ya hewa ya moto, ile ya mafundi wa stika za magari. Dryer ya nywele ni dhaifu, utakaa nayo mpaka mkono ufe ganzi. Kiberiti cha gesi na jiko la mkaa sitaki kuviona karibu na feringi: moto wake unashika sehemu moja, unaacha masizi, na plastiki inaweza kuwaka. Fanyia kazi nje au dirishani, maana moshi wa plastiki si wa kuvuta.

ABS huanza kulegea ikipita kidogo nyuzi 100 za Selsiasi. PP huyeyuka karibu na 160. Blowa nyingi zinafika mia kadhaa, kwa hiyo anza na moto mdogo, ukiwa mbali kiasi cha shibiri moja, na usogee taratibu. Usisimamishe mkono. Zungusha, na uanzie mbali na jeraha: plastiki iliyo pembeni ndiyo inayolivuta kunjo lirudi mahali pake, sasa ukichoma katikati tu unapata kibonyeo chenye ukingo mgumu. Pasha mgongoni zaidi kuliko mbele, ili rangi isiumuke.

Plastiki ikianza kung'aa, umefika mwisho. Ikitoa malengelenge, umepitiliza, au kava halikukauka. ABS hunywa unyevu hewani, na kwa unyevu wa pwani kava lililooshwa asubuhi si kavu mchana huo huo kwa sababu tu linaonekana kavu. Mimi huliacha juani kutwa nzima.

Ikishalegea, usiisukume kwa kidole, alama ya kidole itabaki. Sukuma kwa mti laini wenye mgongo wa mviringo, mwiko mnene unafaa, na upande wa pili zuia kwa kitambaa kibichi kilichokunjwa. Vaa glavu za ngozi. Shikilia hapo hapo mpaka ipoe. Ukiachia mapema inarudi kule ilikokuwa, na kila ukirudia kupasha plastiki inazidi kuwa nyembamba na kukakamaa. Jaribu kumaliza kwa mizunguko michache.

Umbo utalijuaje? Kama kava la upande wa pili ni zima, chukua boksi gumu, likate kufuata mkunjo wake, kisha ligeuze ulipime kwenye bovu. Macho yanadanganya, hasa ukishachoka. Ila hakikisha pande zote mbili zinafanana pale unapopima, maana pikipiki nyingine upande wa ekzosi huwa na uwazi zaidi. Na kabla hujaridhika, rudisha kava kwenye pikipiki, ingiza skrubu zote kwa mkono. Kava zuri kwa macho lakini lisilokutana na matundu yake ni kazi bure, na litakupasuka siku ya kulilazimisha.

Sehemu iliyochuruzika na kuwa nyembamba kama karatasi hairudi. Ikate.

Hatua ya 5: Kuziba tundu na nyufa

Kwa ABS: saga mabaki ya ABS nyingine vipande vidogo, loweka kwenye asetoni ndani ya chupa ya kioo yenye mfuniko mpaka iwe uji mzito. Mbali na moto na sigara. Toboa kitundu cha milimita 2 au 3 mwisho wa kila ufa ili usiendelee kukimbia. Kwaruza mgongoni, weka wavu mwembamba wa chuma, uzamishe kwa ncha ya moto ya solda (kile chuma cha umeme cha kuunganishia nyaya), kisha paka uji kwa tabaka nyembamba. Ukipaka nene, juu inakauka na ndani inabaki laini. Iache zaidi ya siku moja hata kama inaonekana imekauka.

Kwa PP, uji huo haushiki. Yeyusha vipande vya PP kwa solda juu ya wavu. Supa gluu na puti tupu siziweki hapa: karibu na injini inayotetema, zote zinang'oka.

Hatua ya 6: Msasa na rangi

Namba 240, 400, kisha 800 na maji. PP inataka praima ya plastiki kwanza, la sivyo rangi itabanduka kama ganda.

Hatua ya 7: Kinga

Bandika karatasi ya aluminiamu yenye gundi, wanayotumia mafundi wa AC, mgongoni mwa kava, upande unaong'aa ukitazama bomba. Kama nafasi ni ndogo, ongeza kipande cha bati la aluminiamu kilichoinuliwa kwa washa (vile vipete vya chuma vya kuweka chini ya nati) ili hewa ipite katikati. Hewa hiyo ndiyo inayokusaidia, kwa hiyo usiligandishe bati kwenye plastiki. Bandeji ya kuzungushia bomba siipendi: hushika maji ya mvua, na kwa chumvi ya pwani bomba linaoza ndani yake bila wewe kuona.

Hatua ya 8: Jaribu kwenye foleni

Barabara ya wazi haikuambii kitu, upepo unapoza. Nenda jioni, jua limezama, ukae kwenye foleni. Kabla ya kutoka, bandika punje ya nta ya mshumaa kwenye plastiki ya mgongoni mwa kava, pale juu kinga inapoishia. Ukirudi ukaikuta nzima, umemaliza. Ikiwa imeyeyuka, kava limepita karibu nyuzi 60, bado si hatari kwa ABS, ila dondoshea tone la maji hapo hapo. Likichemka, rudi hatua ya 1.

Na turubai la kufunikia pikipiki lisubiri mpaka bomba lipoe.