Jinsi ya kulizoesha sikio muziki usiouzoea

Nina kibanda cha ufundi wa redio na sabufa Kirumba, jijini Mwanza, si mbali na soko la Mwaloni. Spika ikishatengenezwa lazima ijaribiwe, na mimi huijaribu kwa muziki wa mwenyewe, kwa flashi ileile aliyoiacha imechomekwa. Kwa hiyo siku moja inaweza kunipitishia kwaya ya Kisabato, taarab, rumba ya Kikongo, nyimbo za Kihindi na ngoma za Kisukuma, wakati mimi nimekulia kwenye Bongo Fleva na bado naipenda. Vijana wanaokaa barazani huniuliza nawezaje kuvumilia yote hayo. Sivumilii, nafurahia, na furaha hiyo mtu anaweza kujifunza.

Kubwa kuliko yote ni kujua kwamba kila muziki una mahali pake ulipoweka utamu. Bongo Fleva inakupa kiitikio mapema, sauti ya mwimbaji iko mbele, mdundo hauyumbi mpaka mwisho. Sikio lililozoea hivyo likienda kwenye muziki mwingine linatafuta kiitikio, likikikosa linasema wimbo umepoa. Kumbe utamu ulikuwa kwingine kabisa. Kabla hujasema muziki fulani haukufai, mtafute anayeupenda umuulize: wewe humu unasikiliza nini? Muulize mtu, si simu. Simu inakuletea kinachofanana na ulichosikiliza jana, na wewe unataka kutoka hapo.

Benga, muziki wa magitaa wa Wajaluo, mimi nilifundishwa na mama mmoja wa Kijaluo anayeuza dagaa. Alileta redio inayokoroma, koni ya spika ilikuwa imechanika pembeni. Nilipomaliza kuibadilisha nikawasha, gitaa likaanza kukimbia, nikanyoosha mkono nipunguze sauti. Akanizuia. "Mwanangu, acha kwanza. Msikilize anayeimba, halafu usikilize gitaa linavyompokea." Nikaacha. Mwimbaji akamaliza mstari, gitaa likaupokea na kuurudia, juu na chini kama alivyouimba, huku besi ikirukaruka chini yake. Halafu waimbaji wakanyamaza na gitaa likabaki peke yake, likaongeza kasi. "Hapo sasa!" akasema mama, mabega yameshaanza kucheza. Nilikuwa nimesikia benga miaka yote hiyo na sijawahi kusikia gitaa likijibu.

Baadaye nikatafuta nyatiti, ala ya Wajaluo yenye nyuzi 8, nikaelewa ule udonoaji wa gitaa umetoka wapi. Nikajua pia kwamba Daniel Owino Misiani, aliyeitwa mfalme wa benga, alizaliwa mwaka 1940 karibu na Shirati, mkoa wa Mara, ingawa jina alilipatia Kenya. Bendi yake ilibeba jina la Shirati. Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza: anza na muziki wa jirani. Sisi wa kandokando ya ziwa tumezungukwa na watu wa kuuliza. Mhaya yupo, Mkerewe yupo, Mjaluo yupo, Mkurya yupo, na kila mmoja ana wimbo mmoja ambao hachoki kuuelezea.

Ukishapata wimbo, usikilize zaidi ya mara moja, na kila mara kwa kazi tofauti. Mara ya kwanza uache upite wote mpaka mwisho bila kuupa maksi. Mara ya pili shika ala moja tu, tuseme besi, ufuatane nayo tangu mwanzo hadi mwisho hata kama kuna kelele nyingine zinakuita. Hiyo ndiyo inayofungua sikio kuliko zote. Maneno ya lugha usiyoijua yaulizie mwishoni, kwa sababu ukianza nayo utasahau kusikiliza.

Na hapa naongea kama fundi: usimhukumu mwanamuziki kwa spika ya simu. Kile kispika hakiwezi kutoa besi ya chini, na benga au rumba bila besi ni nusu ya wimbo. Tumia hedifoni, hata za bei ndogo, au sabufa. Kwenye sabufa nayo usijaze besi mpaka mwisho kama wengi wanavyofanya, maana inameza gitaa na filimbi. Weka katikati, kisha ongeza kidogokidogo mpaka usikie kila kitu kikiwa mahali pake. Kama bando linakusumbua, wapo vijana wenye kompyuta mitaani wanaokuingizia nyimbo kwenye flashi au memori kadi. Omba nyimbo chache. Flashi iliyojaa mamia ya nyimbo usizozijua inakufanya uwe unaruka tu.

Muziki wa dansi na rumba unataka subira ya dakika. Wimbo una sehemu mbili: ya kwanza inakwenda taratibu, mwimbaji anasimulia kisa chake, ya pili magitaa yanachemka, ndipo watu wanaposimama kucheza. Wakongo wanaiita sebene. Santuri ndogo za zamani zilibeba dakika chache tu kila upande, hivyo wimbo mrefu uligawanywa, mwanzo upande wa kwanza na chemko upande wa pili. Ukizima mapema, hujageuza santuri. Mimi nikipanda kivuko cha Kamanga naweka simu mfukoni nisiweze kuruka wimbo, na nyimbo mbili tatu ndefu za bendi ya Mlimani Park zinanitosha mpaka ng'ambo.

Taarab, ile ya ala za nyuzi kama udi, kanuni na fidla, ina mlango mwepesi kwetu kwa sababu imeimbwa kwa Kiswahili. Siti binti Saad, mwimbaji wa Zanzibar, alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, aliimba kwa Kiswahili, na leo ukimsikiliza unaweza kushika beti zake. Usingoje mdundo wa kukurusha. Ala zinaanza peke yake kwa muda, ziache zikutulize, kisha fuata shairi ubeti kwa ubeti na ujiulize: hapa anasemwa nani? Fumbo likikugusa, umeingia.

Muziki wa okestra wa Ulaya ndio wengi wanaoukimbia, wakidhani ni wa watu wengine. Kama umewahi kuimba kwaya, tayari unao ufunguo: sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne zinavyopishana na kupokezana. Anza na nyimbo za kwaya za mtunzi Handel, hasa zile za kazi yake ya Masihi iliyoimbwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1742, kwa kuwa makwaya yetu nayo huimba Haleluya yake. Ifuate sauti uliyozoea kuimba wewe. Ukitoka hapo ndipo uende kwenye vinanda na fidla tupu. Ila usiusikilizie ndani ya daladala. Muziki huu unashuka mpaka mnong'ono kisha unapanda ghafla, na injini ya gari itakuibia yote ya chini. Alfajiri kabla mtaa haujaamka ndiyo saa yake.

Wapo wenzangu wa Mwanza ambao muziki wa mbali kwao kuliko wote ni ngoma ya Kisukuma, kwa sababu waliiona kwenye sherehe tu wakiwa wadogo. Huo usiusikilize kwenye flashi kwanza. Subiri Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, mwezi wa sita, uende Bujora pale Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma, unashika barabara ya Musoma. Makundi ya Bagika na Bagalu yanashindana kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi, kwa hiyo watazamaji mnahama kutoka upande huu kwenda ule. Usisimame mahali pamoja. Hama kama wanavyohama wenyeji, na kila ukihama jiulize kilichokuvuta ni ngoma, ni sauti ya mtunzi au ni vituko vya wachezaji. Simama karibu na wapigaji ngoma uone nani anaanzisha na nani anajibu. Ukijikuta umerudi upande uleule tena na tena, muulize aliye jirani yako jina la kundi na la mtunzi wao, uandike, ndipo ukatafute rekodi zao. Vaa kofia, na ubebe maji.