Lori limefika Malaba: nilivyomfundisha mjukuu wangu kutumia poti

Nilikaa jeshini miaka 22. Nimesimamisha vijana juani hadi wakajua kushoto na kulia, nimelala lindoni, nimevuka mito usiku. Ila sijawahi kushindwa waziwazi kama nilivyoshindwa na mtoto wa mwaka mmoja na miezi minane, na poti ya plastiki ya samawati niliyoinunua shilingi 8,000 sokoni.

Binti yangu anafanya kazi Kampala. Alituletea mwanawe hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, akiwa bado anatambaa nusu, anatembea nusu. Bibi yake huondoka alfajiri kwenda kuuza mukene, yaani dagaa, kwa hiyo mchana mtoto ni wangu. Ninamwita Afande, maana tangu siku ya kwanza yeye ndiye anayetoa amri humu ndani.

Pampasi tulikuwa tunanunua moja moja dukani, na hesabu ya mwezi ikanitia hasira. Nikaamua kuwa mambo yamekwisha. Kila redio iliposoma habari za saa, Afande alikalishwa kwenye poti. "Kojoa!" Ananitazama. "Kojoa, nimesema!" Anatazama kuku. Namwinua, namvalisha, na kabla sijafunga kamba ya kaptula, viatu vyangu vimelowa. Wiki mbili tulikwenda hivyo. Kisha akaanza kubana na haja kubwa, siku tatu hakwenda, akawa anatembea amekaza miguu huku analia.

Jirani yetu ni mkunga mstaafu, sote tunamwita Sista. Alikuja, akamkanda tumbo mtoto, akanigeukia mimi.

"Mzee, kibofu hakina cheo," alisema. "Hata umpigie kelele vipi, hakikusikii. Weka hiyo poti pembeni mwezi mzima. Wewe mtazame tu."

Nilimtazama. Na hapo ndipo ninapotaka uanzie wewe pia, kwa sababu mimi nilianzia mwisho.

Mtoto aliye tayari utamjua kwa mambo madogo. Anakaa mkavu kama saa mbili hivi, au anaamka usingizi wa mchana nepi haijalowa. Anajificha akitaka kwenda haja kubwa. Wangu alikuwa anasimama nyuma ya banda la mbuzi, uso umekunjamana kama mtu anayesoma barua ya deni. Akilowa anakasirika na kuvuta nguo. Ukimwambia "lete kiatu cha babu," analeta. Anaweza kushusha kaptula mwenyewe, hata ikimfika magotini tu. Watoto wengi hufika hapo kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka mitatu. Wa kwako akiwa na miaka miwili na nusu na bado, hajachelewa.

Kuna kina mama watakaokwambia wao waliwatoa watoto nepi kabla ya mwaka. Siwabishii. Mama zetu walikuwa wanamshika mtoto mapajani, wanampigia mluzi mdogo, "sss, sss," na mkojo unatoka, na hakuna senti iliyokwenda dukani. Ni ujuzi mzuri sana. Lakini hapo anayejua saa ya mkojo ni mama. Ninachokifundisha mimi hapa ni mtoto kujua mwenyewe, na kusema, na kukimbia. Hicho huja baadaye.

Usianze mtoto akiwa anaharisha, au nyumba imepata kichanga, au mmehama juzi. Ukiweza, anza miezi ya jua. Sisi tulianza upya Januari, kaptula zikawa zinakauka kabla ya chakula cha mchana. Nunua au shona kaptula sita za mpira kiunoni, zisizo na vifungo wala kamba. Poti iwe fupi na pana, miguu ya mtoto ikanyage chini vizuri. Miguu ikining'inia hawezi kusukuma. Zile poti zinazopiga muziki sizioni kazi yake. Pembeni weka jerikeni lenye maji na kipande cha sabuni, mahali ambapo mtoto mwenyewe anafikia.

Mchezo wenyewe sikuubuni mimi, aliubuni Afande. Nyumba yetu haiko mbali na barabara ya Malaba, mji wa mpakani na Kenya, na malori yakipita anaacha hata uji. Asubuhi moja alikuwa anasukuma kopo la siagi kama lori, nikamuuliza, "Lori linakwenda wapi?" Akasema, "Laba." Nikaichukua poti nikaiweka katikati ya ukumbi. "Basi Malaba ndiyo hii. Dereva ateremke." Akateremka. Akakaa mwenyewe, bila mimi kumgusa. Hakukojoa siku ile, lakini alikaa, na kwa wiki mbili zile za amri hakuwahi kukaa kwa hiari yake hata mara moja.

Toka siku hiyo ukawa mchezo wetu. Nikiona anachezesha miguu au anashika mbele ya kaptula, sipigi kelele. Naunguruma kidogo tu kama injini ya dizeli. "Lori limefika Malaba!" Dereva anasimama, anashusha turubai, yaani kaptula, anapakua mzigo. Akimaliza tunaosha mikono, ya kwake na yangu, kisha namgongea muhuri: duara kwa kalamu ya wino nyuma ya kiganja, na mstari mmoja katikati. Jioni bibi yake anaporudi anaihesabu mihuri kwa sauti. Bibi huyo ana mikono ya mukene na miguu imemchoka, lakini hesabu hiyo hajawahi kuikosa.

Wa kwako labda hapendi malori. Tafuta anachokipenda. Mtoto wa Sista wa mwisho, zamani hizo, alikuwa analeta mwanasesere wa majani ya mgomba akojoe kwanza.

Muhuri unatolewa kwa kukaa, hata kama mzigo haukutoka. Sista alilisisitiza hili na mwanzoni nililiona ulegevu. Lakini fikiria: kukaa kuko mikononi mwa mtoto, mkojo bado hauko. Ukimnyima muhuri kwa sababu kibofu ni kitupu, unamwadhibu kwa kosa lisilo lake. Pipi nilizikataa. Mtu anayeishi karibu na mpaka anajua: ukianza kutoa kitu kidogo leo, kesho utadaiwa kikubwa.

Tena, usimuulize, "Unataka kukojoa?" Mtoto wa miaka miwili jibu lake kwa kila kitu ni hapana. Tangaza tu lori limefika. Akikataa, lori limepita, ngoja lingine. Usiite mara tano.

Saa za kumkalisha ni chache. Akiamka. Baada ya uji na baada ya chakula cha mchana, ukingoja kwanza kama dakika ishirini, kwa sababu tumbo likijaa, utumbo huanza kusukuma chini. Haja kubwa nyingi za Afande zimepatikana hapo. Kabla ya kuoga. Kabla ya kulala. Dakika tano zinatosha, na hizo tano kaa naye chini. Mimi nilikuwa nachambua mchele.

Atajikojolea. Siku ya kwanza tulifua kaptula sita zote, na ya saba ilikuwa leso ya bibi yake. Kwetu hapo tunasema mzigo umemwagika njiani. Yeye analeta kitambaa, mimi napangusa, tunavaa kavu, basi. Hakuna kibao, hakuna kicheko, wala kumwita shangazi aje aone. Na usimwambie choo kina joka au chura wa kung'ata. Utamtisha leo, kesho umbembeleze mwezi mzima aingie.

Haja kubwa ndiyo kazi. Mtoto akiumia mara moja, mara ya pili atabana, na akibana choo kinazidi kuwa kigumu, kinamuumiza tena. Afande tulimtoa huko kwa papai bivu asubuhi, machungwa, maharage, mboga za majani pamoja na posho, yaani ugali, na maji mara kwa mara. Poti tukaisahau kabisa hadi choo kikalainika. Kama wa kwako anapitisha siku nyingi bila kwenda haja kubwa, ana damu, au tumbo limevimba na hataki kula, usihangaike na papai, mpeleke kituo cha afya. Na mtoto anayelia akikojoa, au mwenye homa na mkojo unaonuka kuliko kawaida, mpeleke vilevile, huenda ana maambukizi ya njia ya mkojo. Hapo mchezo hausaidii.

Mvulana aanze kwa kukaa hata kwa haja ndogo, kusimama atajifunza akiona wenzake. Msichana apanguswe kutoka mbele kwenda nyuma, asivute uchafu wa haja kubwa mbele.

Kuna maneno ya wazee, na mimi niliyasema pia, kwamba kinyesi cha mtoto ni kama cha ndama, hakina ubaya. Sista alinikatisha. Kina minyoo, kina vijidudu vya kuhara, kama cha mtu mzima. Kwa hiyo cha kwenye poti kinamwagwa chooni, si nyuma ya migomba, na maji ya kusuuzia poti yanakwenda hukohuko. Poti inaoshwa kwa sabuni, inaanikwa juani. Kisha mikono tena.

Choo chetu ni cha shimo. Mtoto mdogo akilitazama lile tundu anaona kisima, na hajakosea. Nilichukua ubao mpana, nikakata tundu dogo katikati, nikaupiga msasa na kuupachika miguu mifupi usiyumbe. Unawekwa juu ya tundu kubwa wakati wake tu. Wiki ya kwanza nilimshika mikono yote miwili na mlango ukabaki wazi. Wiki ya pili mkono mmoja. Wiki ya tatu akanifukuza.

Safarini usijitie ushujaa. Tulipokwenda Mbale kwa taksi nilimvalisha pampasi, na poti nikaibeba ndani ya kavera, mfuko wa plastiki. Dereva alisimama mara moja, akacheka, abiria wakacheka, mzigo ukapakuliwa. Kurudi kwenye nepi siku moja hakukuharibu chochote.

Usiku ni habari nyingine kabisa. Mchana unaweza kukamilika na usiku ukachukua mwaka, au miwili, kwa sababu mwili wenyewe unapaswa kujifunza kupunguza mkojo mtoto akiwa amelala, na hilo hakuna anayelifundisha. Hadi miaka mitano ni kawaida, na wengine huendelea kidogo baada ya hapo. Tandika plastiki chini ya shuka, mkojoze kabla ya kulala, mpe maji ya kutosha mchana ili asiyadai yote usiku. Nikiwa na miaka sita mimi nilitembezwa kijijini na mkeka kichwani, watoto wanaimba nyuma yangu. Sikuacha kukojoa kitandani. Nilichoacha ni kulala.

Kwa Afande, mchana ulituchukua kama wiki saba, ukiondoa wiki moja ya malaria ambayo tulirudi nyuma kabisa. Plastiki ya kitandani bado ipo.

Mama yake alikuja Pasaka. Alishuka kwenye basi amechoka, akauliza choo hata kabla hajaketi. Afande alimfuata hadi mlangoni, akasimama nje kimya, kalamu mkononi. Alipotoka, akamwambia anawe mikono kwanza, kisha alete kiganja.