Dondoo: Unataka ujaji Tanzania? Anza kuandika hukumu sasa

Ibara ya 109 ya Katiba inataka Jaji wa Mahakama Kuu awe na sifa maalumu kwa muda usiopungua miaka 10: kama hakimu, mtumishi wa umma mwenye sifa za uwakili, au wakili. Kwa hiyo shahada ya sheria na stashahada ya Law School of Tanzania (chuo cha mafunzo ya uwakili) ni mlango tu. Ukiwa wakili, huisha leseni kila mwaka bila kuacha pengo, na tunza nakala za vyeti na barua za ajira.

Zoezi lenye faida kuliko yote ni hili. Fungua TanzLII, tovuti ya bure ya hukumu na sheria za Tanzania, chagua hukumu ya Mahakama ya Rufani, soma maelezo ya kesi na sababu za rufaa, kisha ishia hapo. Andika hukumu yako mwenyewe, halafu linganisha. Amri ya XX, kanuni ya 4 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inadai vitu vinne: muhtasari wa shauri, hoja za kuamuliwa, uamuzi na sababu zake. Wengi hukwama kwenye hicho cha mwisho. Wananakili ushahidi wa kila shahidi kurasa kumi, kisha wanaandika "nimeridhika" bila kusema kwa nini shahidi huyu aaminiwe na yule asiaminiwe. Hukumu ya namna hiyo haina miguu kwenye rufaa.

Fanya zoezi hilo kwa Kiswahili pia; tangu 2021 ndiyo lugha ya mahakama kisheria, na istilahi zake huja kwa mazoezi tu.