Kutabiri mechi kwa kalamu na simu: tunavyofanya kijiweni

Kijiweni kwetu kuna daftari moja. Anayetaka kutabiri anaandika kabla refa hajapuliza filimbi, na anayeshika mkia mwisho wa mwezi anawalipia wote kahawa na kashata. Mkeka wa kubeti haumo. Ukishaweka hela ya kodi ya nyumba kwenye mechi, utamu wa kuhesabu unaisha, unabaki na presha tu.

Humo daftarini haturuhusu mtu kuandika "Yanga anashinda" akaishia hapo. Unaandika asilimia tatu: mwenyeji kushinda, sare, mgeni kushinda. Jumla iwe 100. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu shabiki huwa anaisahau sare kabisa.

Hatua ya 1: Hesabu mabao, achana na msimamo

Pointi za msimamo wa ligi zinaficha mengi. Timu inaweza kushinda mechi tano kwa bao mojamoja la dakika za mwisho na ukadhani ni moto wa kuotea mbali. Chukua mechi 10 za mwisho ambazo mwenyeji amecheza nyumbani, na 10 ambazo mgeni amecheza ugenini. Usizichanganye. Timu ya Dar inayopanda Mbeya kucheza Uwanja wa Sokoine, au inayokwenda Kaitaba kule Bukoba, si ileile uliyoiona Jumamosi iliyopita kwa Mkapa.

Tuseme mwenyeji kafunga mabao 16 na kufungwa 10. Mgeni kafunga 8 na kufungwa 14.

Hatua ya 2: Tafuta wastani wa kila upande

Mwenyeji hufunga 1.6 kwa mechi, na mgeni huruhusu 1.4. Katikati ya hizo ni 1.5, ndiyo mabao unayomtarajia mwenyeji. Mgeni hufunga 0.8, mwenyeji huruhusu 1.0, kwa hiyo mgeni anapata 0.9.

Hatua ya 3: Geuza wastani kuwa uwezekano

Hakuna anayefunga bao moja na nusu. Hapa tunaazima kanuni ya Mfaransa Siméon Denis Poisson, aliyeichapisha mwaka 1837 bila kuwaza mpira wowote. Inafaa mambo yanayotokea kwa nadra na bila ratiba, na bao ni jambo la namna hiyo.

Laza simu yako ubavu, kikokotoo kitakupa alama zaidi. Tafuta e, namba ya hisabati iliyo karibu 2.718, ipandishe kwa kipeo cha -1.5. Utapata 0.223: huo ni uwezekano wa mwenyeji kutoka kapa. Zidisha kwa 1.5, unapata 0.335, yaani bao moja. Hilo jibu lizidishe kwa 1.5 kisha gawa kwa 2: 0.251, mabao mawili. Zidisha tena kwa 1.5, gawa kwa 3: 0.126. Endelea hivyo mpaka mabao matano. Kwa mgeni fanya vilevile ukitumia 0.9, utaanza na 0.407, kisha 0.366, kisha 0.165.

Hatua ya 4: Chora jedwali

Mabao ya mwenyeji yakae ubavuni, ya mgeni juu. Kila chumba ni zao la namba mbili. Chumba cha 1-0 ni 0.335 mara 0.407, karibu asilimia 14. Hayo ndiyo matokeo yenye nafasi kubwa kuliko mengine yote kwenye jedwali hili, na bado ni 14 tu katika 100! Ndiyo maana anayejisifu kwamba alitaja matokeo kamili huwa namnunulia kahawa lakini simwombi ushauri.

Jumlisha vyumba vya mwenyeji kushinda, vya sare, vya mgeni kushinda. Utaona karibu 51, 26 na 23.

Hatua ya 5: Rekebisha, lakini kwa adabu

Kipa namba moja ana kadi nyekundu? Timu imerudi juzi kutoka mechi ya CAF, mashindano ya klabu za Afrika? Sogeza asilimia tatu au nne, zisizidi tano. Sare za mabao machache nazo ziongezee kidogo: mwaka 1997 Mark Dixon na Stuart Coles walionyesha kwa mechi za Uingereza kwamba kanuni hii ikiachwa peke yake inazipunja.

Dabi ya Kariakoo ina shida yake. Simba na Yanga wote ni wa Dar, kwa hiyo mambo ya nyumbani na ugenini hayana uzito. Tumia mechi zote za karibuni. Halafu jiandae kuaibika. Tarehe 6 Mei 2012 Simba ilishinda 5-0, na tarehe 5 Novemba 2023 Yanga ikalipa kwa 5-1. Kwenye jedwali letu la hapo juu, 5-1 ingepewa nafasi moja katika 200 hivi. Nafasi moja katika 200 si sifuri.

Hatua ya 6: Jipe alama

Wengi huiruka. Tuseme mwenyeji kashinda. Kwake ulipaswa kuwa na 1, ukaandika 0.51: pungufu 0.49. Sare na mgeni ulipaswa kuwapa 0, ukawapa 0.26 na 0.23. Zidisha kila tofauti kwa yenyewe, jumlisha: 0.36. Ndogo ndiyo nzuri. Anayegawa sawa kwa tatu bila kujua lolote hupata 0.67 kila mechi. Aliyempa mgeni 100 akakosa anabeba 2 nzima.

Baada ya mechi 20 tafuta wastani wako. Nilipotenga mechi za Yanga, timu yangu, nilikuta nina 0.74. Siku hizi mechi hizo kalamu anashika jirani yangu, shabiki wa Coastal Union.