Mdoli wa majaribio: ninavyoukagua kabla ya kutoa hela

Jumamosi asubuhi huwa niko soko la mitumba la Memorial, hapa Moshi, robota la vichezeo likikatwa. Mdoli wa majaribio, yaani ule kiwanda kilioutengeneza kujaribu kabla ya kuanza kuuza, sijawahi kuukuta humo, nisikudanganye. Nanunua ya kawaida ya Kenner, kampuni ya Marekani iliyotengeneza midoli ya filamu za Star Wars, nipate cha kulinganishia.

Ukiletewa unaoitwa wa majaribio, geuza miguu. Kenner walichapa mwaka na hakimiliki nyuma ya mguu. Midoli ya kwanza kutoka kwenye kalibu mara nyingi haina maandishi hayo, na rangi zake hazieleweki. Ila mulika tochi kwa ubavu. Mimi niliuziwa mmoja uliopigwa msasa kufuta maandishi, mikwaruzo ikanicheka nikiwa nyumbani, hela imeshaenda.

Kisha pima. Naazima kalipa, kifaa cha kupimia unene, kwa fundi wa leizi. Nakala ya rezini, aina nyingine ya mdoli wa majaribio iliyotangulia kalibu ya chuma, huwa kubwa kidogo kuliko mdoli wa dukani, maana plastiki husinyaa ikipoa. Ukiwa mdogo kuliko wa dukani, hiyo ni kopi. Rudisha.

Mdoli wa Boba Fett, mhusika wa Star Wars, ule wa 1979 anayefyatua roketi? Hakuuzwa madukani, waliogopa watoto watapaliwa. Bandia zake zimejaa. Bila karatasi za kuonyesha alikopitia, mwache hapohapo mezani.