Kabla ya Kupanda Vilima vya Ngong, Amueni Mtatokea Wapi

Kundi la marafiki likipanga kwenda Vilima vya Ngong, nje kidogo ya Nairobi, mazungumzo huwa ni tukutane wapi, saa ngapi, na nani ana gari. Swali lenye uzito zaidi ni mtatokea wapi. Njia inafuata mgongo wa vilima kuanzia lango la Shirika la Huduma za Misitu (KFS), juu ya mji wa Ngong, hadi Kona Baridi kwenye barabara ya Magadi. Ni zaidi ya kilomita 10. Mkiimaliza yote, gari mliloegesha langoni liko upande mwingine kabisa wa vilima, na miguu haina hamu tena.

Kwa hiyo wanaokuja kwa matatu wana nafuu kuliko wenye magari. Wanapanda namba 111 hadi Ngong na bodaboda hadi langoni. Wakifika Kona Baridi wanatafuta usafiri hadi mji wa Kiserian, kisha matatu ya kurudi Nairobi. Mwenye gari apatane mapema na mtu wa kumsubiri ng'ambo, au ajue kwamba atazunguka kupitia Kiserian kurudi Ngong. La sivyo, mwende mpaka mahali fulani kisha mgeuke. Kugeuka nako kuna hesabu yake: kila mteremko mlioufurahia wakati wa kwenda ni mlima unaowasubiri wakati wa kurudi. Geukeni mkiwa bado na nguvu. Mkiwa na watoto wadogo, vilele viwili vya kwanza vinatosha. Kutoka hapo tayari wanaona Bonde la Ufa upande mmoja na jiji upande wa pili.

Watembezi huhesabu vilele saba, na hapo ndipo wengi hukosea makisio. Kilele cha juu, Lamwia, kina mita 2,460, na Nairobi yenyewe iko karibu mita 1,800, kwa hiyo kwenye ramani kazi inaonekana ndogo. Lakini hupandi mara moja. Unapanda, unashuka, unapanda tena, na baadhi ya miteremko ni mikali kiasi cha kuumiza magoti. Tengeni saa nne au tano kwa njia nzima, na mtu aliyewasili jana kutoka Mombasa asiharakishwe, maana hewa ya huku ni nyepesi.

Halafu kuna upepo. KenGen, kampuni ya umeme, hawakusimamisha mitambo ya kuzalisha umeme wa upepo pale kwa ajili ya mapambo. Ya kwanza iliwekwa mwaka 1993 kwa sababu upepo wa mgongo ule ni wa kuaminika. Ukishatoka jasho kwenye mwinuko kisha ukasimama kileleni kupiga picha, fulana iliyolowa inakuwa barafu mgongoni. Beba koti jepesi la kuzuia upepo hata kama jua linawaka mjini, na Julai ongeza sweta na kofia ya sufu. Upepo huohuo unakuficha makali ya jua, nawe unashtukia jioni shingo imeungua. Kofia yenye ukingo iwe na kamba. Viatu viwe raba zenye meno, ulizokwisha kuzizoea.

Maji lita mbili kwa kila mtu, kwa kuwa huko juu hakuna mahali pa kujaza. Yatie kwenye chupa ya kutumika tena: tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye misitu na mbuga za Kenya, chupa za maji za dukani zikiwemo. Chapati zilizokunjwa, njugu, ndizi na mayai ya kuchemsha vinatosha. Sufuria la pilau linaweza kusubiri nyumbani.

Kuhusu usalama, nasema wazi: usiende peke yako. Wizi umewahi kuripotiwa kwenye vilima hivi, na nyati wapo kwenye vichaka vya miteremko. Langoni ulizeni kuhusu askari wa kuwasindikiza, hasa mkienda siku ya kazi au mkitaka kuvuka hadi Kona Baridi. Gharama yake mkigawana haiumi. Simu iwe na chaji na pesa za kiingilio, na mtu aliyebaki nyumbani ajue mnatarajia kumaliza saa ngapi. Namba za dharura ni 999 na 112.

Anzeni saa moja au saa mbili asubuhi. Jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu, lakini msipange kulifukuzia. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, mawingu hupenda kujikusanya mchana, na njia ya udongo inakuwa utelezi mtupu. Hapo mkongojo una maana. Kibaya zaidi ni radi, kwa kuwa kwenye nyasi fupi za mgongo ninyi ndio mliosimama juu kuliko vyote. Mkiona mmweko, hesabuni sekunde hadi ngurumo. Zikiwa chini ya 30, radi iko ndani ya kilomita 10: acheni kilele, teremkeni ubavuni, na msijibanze chini ya mti uliosimama peke yake wala karibu na mlingoti.