Pazia la marekani kwa mkono wako mwenyewe

Marekani ni kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa, cheupe cha kufifia, chenye vichembe vyeusi vya mbegu. Jina lilitokana na meli za Marekani zilizokileta Zanzibar karne ya 19. Kwa madirisha ya Dar nakipenda kuliko mapazia mazito ya dukani, maana kinapitisha upepo.

Pima kwanza. Dirisha langu hapa Tabata ni sentimita 120 kwa 120. Mwanzi wa kuning'inizia nimeuzidisha sentimita 10 kila upande, ukawa 140. Kitambaa kiwe kama mara moja na nusu ya mwanzi ili kikunjane vizuri. Vipande viwili vya upana wa 120 vinatosha. Kwa urefu, anza sentimita 10 juu ya dirisha, shuka 15 chini yake: 145. Ongeza 8 za njia ya mwanzi na 12 za upindo wa chini, jumla 165. Viwili ni mita 3.3, lakini nunua 4. Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, hukosi.

Hizo za ziada si za mapambo. Pazia langu la kwanza nilishona kabla ya kufua. Lilipotoka kwenye kamba limesinyaa na kupanda, jirani anaangalia nami tamthilia kupitia upenyo. Kwa hiyo loweka usiku kucha kwenye maji ya moto, fua, anika, piga pasi. Ndipo ukate.

Sasa rangi. Mama mkwe alipoliona alisimama mlangoni: “Mwanangu, mbona umetundika sanda?” Tangu hapo nachovya kwenye chai. Chemsha majani ya chai ya kutosha, yachuje, tumbukiza kitambaa kikiwa kimelowa, kigeuzegeuze nusu saa. Kikikauka rangi hupungua, basi kitoe kikiwa kimekolea kuliko unavyotaka. Mabaka kidogo yaache, ndiyo uzuri wake. Jua litaipausha baada ya miezi, utarudia.

Kushona ni kazi ndogo. Pembeni kunja sentimita 2, kunja tena 2, piga cherehani. Juu kunja 1, kisha 7, ushone ukingoni. Humo ndimo mwanzi unapita. Huna cherehani? Sindano na uzi wa pamba uliokunjwa mara mbili vinatosha, ila mshono uwe wa karibu karibu.

Chini usishone bado. Tundika pazia siku mbili, pamba ijinyooshe kwa uzito wake, kisha kunja 2 halafu 10 na ushone kwa mkono likiwa limening'inia. Upindo mpana ni uzito: upepo wa jioni hautalipeperusha hadi kwenye jiko.

Mwanzi uwe mkavu kabisa na upakwe vanishi, la sivyo dumuzi watautoboa na kumwaga unga wake sakafuni kila asubuhi. Ukuta wa tofali za saruji haukubali msumari wa kubabaisha, azima drili.